Waliosimama Kando ya Mhubiri: Zaidi ya Karne Moja ya Umisheni kwa Wanavajo

Waheshimiwa mapadre na wachungaji, watawa, walimu, wanafunzi wa theolojia, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie kazi ya umisheni iliyodumu muda mrefu katika jamii moja, na waandaaji wameniachia nichague jamii yenyewe. Nimewachagua Wanavajo wa kusini-magharibi mwa Marekani, ambao wenyewe hujiita Diné. Historia ya umisheni kwao imeandikwa kwa wingi, na sehemu kubwa yake imeandikwa kwa kumfuata mmisionari: siku aliyofika, nyumba aliyoijenga, watoto aliowabatiza, mahali alipozikwa. Mimi nitafuata njia nyingine. Nataka kuwaonyesha kwamba kazi hiyo, tangu vituo vya mwanzo kabisa, ilibebwa na Wanavajo waliosimama kando ya mhubiri, yaani wakalimani, wauguzi na wasaidizi wa tafsiri, na kwamba makanisa yalichelewa mno kuwapa watu hao mimbari waliyostahili.

Tuanze na nchi yenyewe. Nchi ya Wanavajo leo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 71,000, yaani inazizidi Rwanda na Burundi zikiunganishwa, nayo imeenea katika majimbo matatu ya Arizona, New Mexico na Utah. Makao makuu ya serikali yao yako Window Rock, na waliosajiliwa kuwa raia wa taifa hilo wanakaribia 400,000, ingawa wengi wao wanaishi nje ya mipaka yake. Ni nchi ya nyanda za juu, kavu, yenye miamba myekundu na theluji wakati wa baridi. Kwa desturi familia ziliishi mbalimbali, kila moja na kondoo wake, bila vijiji vya kukusanyikia, kwa hiyo mmisionari aliyezoea kujenga kanisa katikati ya kijiji alikuta hakuna katikati. Ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na neno la bibi mwenye kondoo lilikuwa na uzito ambao wageni wengi, waliozoea kumtafuta mwanamume mkubwa wa nyumba, hawakuutambua upesi.

Nyumba yao ya asili, hogani, hujengwa kwa magogo na udongo. Aghalabu ina pande sita au nane, tundu la moshi katikati ya paa, na mlango unaotazama mashariki, jua linakochomoza. Humo watu hulala na kupika, na humo humo ibada za uponyaji hufanyika, nyingine zikichukua usiku tisa mfululizo, mwimbaji mtaalamu akiimba kwa kumbukumbu na akichora picha takatifu kwa mchanga wa rangi sakafuni. Wageni walizoea kuwaita waimbaji hao waganga, lakini kazi yao ilikuwa zaidi ya dawa: ilikuwa kurudisha mapatano na uzuri baina ya mgonjwa, jamaa zake na ulimwengu. Mtu aliyealikwa aende kanisani alikuwa anaombwa atoke katika nyumba ambayo kwake ilikuwa tayari mahali pa ibada. Wamisionari wengi wa kwanza waliandika kwamba wamewakuta watu wasio na dini. Hilo halikuwa kweli, na gharama ya kutolijua ililipwa kwa miaka mingi.

Sasa niingie katika historia, na nitapita upesi katika vita vyenyewe. Mwaka 1863 na 1864 majeshi ya Marekani, yakiongozwa uwanjani na Kit Carson, yalichoma mashamba ya Wanavajo, yakachinja kondoo wao na kuikata miti yao ya mipichi katika bonde la Canyon de Chelly, hata njaa ikawalazimisha kusalimu amri. Watu kwa maelfu walitembezwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, penye ngome ya Fort Sumner, wakafungiwa huko miaka minne kwenye maji ya chumvi na ardhi isiyozaa. Wengi walikufa. Tarehe 1 Juni 1868 wakuu wao, Barboncito na Manuelito wakiwamo, walitia alama zao katika mkataba uliowaruhusu kurudi nyumbani. Ni mwaka uleule ambao Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha kituo chao Bagamoyo.

Naomba mkitazame kifungu cha sita cha mkataba huo, kwa sababu mizizi ya umisheni wa Wanavajo imo ndani yake. Kinasema kwamba watoto wao wa kiume na wa kike, wenye umri kati ya miaka 6 na 16, watalazimishwa kwenda shule, na kwamba kwa kila watoto 30 serikali itatoa nyumba na mwalimu wa masomo ya msingi ya Kiingereza. Mwaka uliofuata Rais Ulysses Grant alianza kugawa vituo vya serikali vya kuwasimamia watu wa asili baina ya madhehebu ya Kikristo, na Wanavajo wakaangukia kwa Wapresbiteri. Hakuna Mnavajo aliyeulizwa. Mwaka 1869 mwalimu Charity Gaston alianza kufundisha Fort Defiance, na wanafunzi wake walikuwa wachache, wakija na kutoweka. Mtu akiona haya kwa jicho la haki hawezi kuwalaumu wazazi. Shule hiyo ilikuwa sharti katika mkataba wa walioshindwa vita, na aliyeileta alikuwa rafiki wa waliowashinda. Juhudi hizo za kwanza zilififia, na Wapresbiteri walikuja kusimama imara baadaye sana, Ganado, mwaka 1901.

Kabla ya hapo wengine walikuwa wamefika. Wanawake wawili Wamethodisti, Mary Eldridge na Mary Raymond, walianza kazi karibu na Mto San Juan mwaka 1891. Eliza Thackara wa Kanisa la Episkopali, ambalo ni la ushirika wa Anglikana, alifika Fort Defiance mwaka 1894 na juhudi zake zikazaa hospitali. Wahamiaji wenye asili ya Uholanzi wa Kanisa la Christian Reformed walituma watu wao mwaka 1896. Na mwezi Oktoba 1898 wakaja Wafransisko watatu kutoka Cincinnati. Kwa hao nitakaa zaidi, kwa kuwa kituo chao kinatuonyesha kwa karibu zaidi nani alikuwa anamfundisha nani.

Fedha za kituo hicho zilitoka kwa mwanamke mmoja, Katharine Drexel wa Philadelphia, binti wa tajiri wa benki, aliyeacha urithi na starehe zake akaanzisha shirika la masista kwa ajili ya watu wa asili na Wamarekani weusi, na ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2000. Yeye ndiye aliyegharimia ununuzi wa ardhi katika uwanda wa majani ya manjano kusini ya Fort Defiance, mahali palipopewa jina la St. Michaels. Padre Juvenal Schnorbus, Padre Anselm Weber na Bruda Placidus Buerger waliingia katika jengo la mawe lililokuwa duka la mfanyabiashara, wakaligeuza makao. Hawakujua neno hata moja la Kinavajo.

Kinavajo si lugha ya kuokota njiani. Ina toni za juu na za chini zinazobadili maana, ina vokali zinazopita puani, ina sauti zinazokatwa kooni, na kitenzi chake hubeba ndani yake mtendaji, mtendwa, namna ya tendo na hata umbo la kitu kinachoshikwa. Sisi wenye Kiswahili tumezoea kitenzi kinachobeba mengi, lakini kitenzi cha Kinavajo kingetutoa jasho. Hapakuwa na kamusi wala sarufi ya kutegemea. Mapadre walifanya jambo la unyenyekevu: walichukua katalogi ya duka, ile yenye picha za bidhaa zinazouzwa kwa posta, wakawa wanawaonyesha Wanavajo waliopita kituoni picha moja baada ya nyingine, wakiuliza kila kitu kinaitwaje, na kuandika walichosikia. Tandiko la farasi, jembe, sufuria, kofia. Mzee aliyekuja kunywa kahawa aligeuka kuwa mwalimu, na padre aliyekuja kufundisha akawa mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Waalimu wao wakubwa walikuwa wawili. Mmoja ni Frank Walker, aliyezaliwa na mama Mnavajo, aliyefanya kazi nao kama mkalimani. Wa pili ni Henry Chee Dodge, ambaye akiwa mtoto mdogo alipitia kifungo cha Bosque Redondo, akakua akijua lugha zote mbili, akawa mkalimani wa serikali, mfugaji tajiri, na mwaka 1923 mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Kabila. Mtu wa cheo hicho aliketi na mapadre akawasahihisha matamshi. Padre Berard Haile, aliyefika mwaka 1900 na kuitumikia nchi hiyo zaidi ya nusu karne, ndiye aliyefika mbali kuliko wote katika lugha. Mwaka 1910 Wafransisko walichapa hapo hapo St. Michaels kamusi kubwa ya Kinavajo iliyopangwa kwa mada: ufumaji, ufuaji wa fedha, chakula, ujenzi wa hogani, ibada. Baadaye Haile aliandika kwa imla nyimbo na simulizi ndefu za ibada kutoka kwa waimbaji wenyewe, zile zile ibada ambazo wamisionari wengine walikuwa wakiziombea zife.

Hapa kwetu tunamfahamu Padre Charles Sacleux, mmisionari wa Bagamoyo na Zanzibar, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939, ambayo wanaisimu wetu bado wanaifungua. Tunapoisoma tunakumbuka jina lake, na ni haki. Kamusi ya 1910 nayo inabeba jalada lenye jina la Mapadre Wafransisko. Wanavajo waliotoa maneno yale moja moja hawamo jaladani. Nalitaja jambo hili kwa uzito, kwa sababu mtindo wa jalada lile ndio mtindo wa kazi nzima.

Padre Weber naye anastahili kutajwa kwa jambo ambalo halihusu ubatizo. Serikali ilikuwa imeipa kampuni ya reli vipande vya ardhi vilivyopishana na vya umma, kama ubao wa drafti, katika maeneo ambayo familia za Kinavajo zilichunga kondoo wao bila hati yoyote, nje ya mipaka ya mkataba. Wafugaji wa Kizungu walikuwa wanaingia. Weber alitumia miaka mingi kufuatilia ramani, kuandika barua na kwenda Washington ili familia hizo zisifukuzwe. Alifariki mwaka 1921. Wazee waliokuwa hawataki kusikia habari za dini yake walikuja kwake kwa habari za ardhi, na nadhani ndiyo sababu kituo chake kilivumiliwa. Umisheni unaojali mahali mtu anapolala hupokewa hata na asiyekubali mahubiri.

Nafika sasa kwenye shule, na hapa lazima nipunguze mwendo. Masista wa Drexel walifungua shule ya bweni St. Michaels mwezi Desemba 1902. Mwaka uliofuata, karibu na mji wa Gallup, Kanisa la Christian Reformed lilifungua shule yake Rehoboth kwa watoto sita, ikichukua jina la kile kisima cha Isaka katika Mwanzo 26, mahali ambapo Bwana amewafanyia watu nafasi. Wamethodisti walikuwa na yao Farmington. Serikali nayo ilikuwa na shule kubwa za bweni, na humo madhehebu yaligawana saa za kufundisha dini kwa ridhaa ya wazazi, waliotia sahihi au alama ya kidole kwenye karatasi. Mzazi asiyesoma Kiingereza alibonyeza kidole, na mtoto wake akawa Mkatoliki au Mprotestanti kwenye daftari la shule. Wachungaji na mapadre walishindania alama hizo kwa bidii ambayo haiwapi heshima.

Katika shule hizi mtoto alinyolewa nywele, akabadilishwa jina na nguo, akakatazwa lugha yake. Carl Gorman, aliyezaliwa mwaka 1907, alieleza kwamba akiwa mtoto katika shule ya misheni alifungwa kwa mnyororo kwenye bomba la chuma kwa wiki nzima, kwa kuwa aliendelea kusema Kinavajo. Mwaka 1942 mtoto huyo, sasa mtu mzima, alikuwa miongoni mwa Wanavajo 29 wa kwanza walioingia jeshi la majini la Marekani kutunga msimbo wa siri kwa lugha ile ile, msimbo ambao Wajapani hawakuuvunja. Na aliyelipelekea jeshi wazo hilo ni Philip Johnston, mwana wa mmisionari, aliyekulia katika nchi ya Wanavajo akicheza na watoto wao na kuijua lugha yao tangu utotoni. Naviweka visa hivi viwili pamoja kwa sababu vyote viwili ni matunda ya umisheni. Nyumba moja ya mmisionari ilimlea mtoto wa Kizungu akaipenda lugha hiyo, na shule moja ya misheni ilimfunga mtoto Mnavajo kwa kuisema.

Mtu anaweza kujibu kwamba zama zile kila mtu alifanya hivyo. Jibu hilo halitoshi, kwa maana kilomita chache tu kutoka kwenye madarasa hayo walikuwapo mapadre waliokuwa wakiumiza macho usiku kuiandika lugha hiyo hiyo. Ujuzi ulikuwapo ndani ya Kanisa. Haukuruhusiwa kuvuka mlango wa darasa.

Niwapeleke Ganado. Wapresbiteri walikaa hapo jirani na duka la John Lorenzo Hubbell, mfanyabiashara mashuhuri wa mazulia ya Kinavajo. Mwaka 1927 alifika Dakta Clarence Salsbury, aliyekuwa ametumikia China, na mwaka 1930 ikafunguliwa hospitali ya Sage Memorial pamoja na shule ya uuguzi kwa ajili ya wanawake wa asili. Ilikuwa ya kwanza ya namna yake kuthibitishwa rasmi, na wahitimu wake wa kwanza walitoka mwaka 1933. Wakati huo walikuwapo wataalamu waliosema wazi kwamba msichana wa asili hawezi uuguzi.

Ili kuelewa ushujaa wa wanawake hao inafaa mjue kwamba mapokeo ya Wanavajo yanakataza vikali kugusa maiti. Mtu akifia ndani ya hogani, hogani hiyo huhamwa. Mara nyingi familia zilimwita mfanyabiashara au mmisionari aje azike, kwa kuwa yeye mgeni hakuwa na hofu hiyo, na kwa miaka mingi kazi ya kuzika ilikuwa huduma iliyotakiwa zaidi kuliko mahubiri. Fikirini basi msichana wa miaka kumi na minane au ishirini, aliyekuzwa katika katazo hilo, akiwa zamu ya usiku wodini, mgonjwa wa kifua kikuu anakata roho mikononi mwake, naye anatakiwa kumfumba macho na kumsafisha. Kisha asubuhi anakwenda wodi nyingine kumweleza bibi kwa Kinavajo, kwa heshima ya mjukuu kwa bibi yake, kwa nini ni lazima akae hospitalini miezi mingi. Daktari hakuweza kusema maneno hayo. Hata angeyajua, hakuwa na ukoo wa kuyasemea, kwani kwa Wanavajo mtu hujitambulisha kwanza kwa koo zake, na hapo ndipo mazungumzo huanza. Shule hiyo ya uuguzi ilifungwa mwaka 1951 baada ya kufunza wanawake wa makabila mengi, na hospitali yenyewe baadaye ikaingia mikononi mwa bodi ya Wanavajo. Kwa maoni yangu, hilo ndilo tunda bora la umisheni wote wa Wapresbiteri huko.

Sasa mimbari. Kwa miongo mingi ibada katika vituo vya Kiprotestanti ilikwenda hivi: mhubiri mgeni anasema sentensi moja kwa Kiingereza na kunyamaza, na mkalimani aliyesimama kando yake anaisema kwa Kinavajo, mara nyingi kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu analazimika kueleza mwana-kondoo wa Pasaka kwa wachungaji wa kondoo kweli kweli, na kueleza kaburi tupu kwa watu ambao kaburi ni kitu cha kukimbiwa. Kila mtu aliyekuwa amekaa pale alimsikia mhubiri mmoja tu, naye ni mkalimani. Lakini daftari la kanisa liliandika jina la mwingine.

Jacob C. Morgan ni mfano ulio wazi. Alisoma mpaka Hampton huko Virginia, akapiga ala katika bendi, akafundisha, na katika miaka ya 1920 akaajiriwa na misheni ya Christian Reformed kama msaidizi wa mmisionari Leonard Brink huko Farmington. Brink alikuwa mtafsiri. Kitabu cha Mwanzo na Injili ya Marko kwa Kinavajo vilikuwa vimechapwa mwaka 1910 kwa kazi yake. Morgan alihubiri, akasafiri na kutafsiri, lakini aliendelea kuitwa msaidizi. Hatimaye aliachana na misheni hiyo. Mtu ambaye kanisa lilimwona msaidizi, taifa lake lilimchagua kuwa mwenyekiti wa Baraza la Kabila mwaka 1938. Misimamo yake ilikuwa mikali, aliziona ibada za jadi kuwa kikwazo na alipigana na serikali ya shirikisho kuhusu sera za John Collier, mkuu wa idara ya serikali iliyowasimamia watu wa asili, hasa ile ya kupunguza mifugo kwa nguvu, iliyowafukarisha watu wengi. Unaweza kupingana naye katika mengi, kama ninavyopingana naye mimi kuhusu dini ya jadi. Lakini huwezi kusema kwamba hakuwa na uwezo wa kuongoza.

Jambo la tafsiri lilimalizwa na kizazi kilichofuata. Faye Edgerton alifika Ganado mwaka 1924 kama mwalimu, akajifunza lugha kwa watu, na mwaka 1944 akajiunga na Wycliffe, shirika la watafsiri wa Biblia, ili atafsiri muda wote. Wenzake wa kazi walikuwa Geronimo Martin, Mnavajo aliyekuwa kipofu, na Roger Deal. Walianza wakati mzuri, kwa kuwa Robert Young na William Morgan, huyu wa pili akiwa Mnavajo, walikuwa wamekwisha kuweka tahajia rahisi ya kuandika lugha. Agano Jipya lilitoka mwaka 1956, na Biblia nzima mwaka 1985. Jaribu kuwazia chumba hicho cha kazi: mstari unasomwa, unatafsiriwa, unasomwa tena kwa sauti, na anayetoa hukumu ya mwisho kama mstari umekaa sawa ni mtu asiyeona ukurasa, anayesikia tu kama lugha imesema kweli. Hapo ndipo mara ya kwanza, naweza kusema, Mnavajo alikuwa na neno la mwisho katika kazi ya misheni.

Na angalieni kilichofuata. Tangu miaka ya 1950 makanisa ya Kinavajo yaliongezeka kwa kasi ambayo vituo vya zamani havikuwahi kuiota. Yalikuwa mengi ya Kipentekoste na ya kujitegemea, yakiongozwa na wahubiri Wanavajo, katika mahema yaliyopigwa karibu na makazi ya jamaa, kwa gitaa na nyimbo za Kinavajo, mahubiri yakiendelea mpaka usiku. Barabara na magari ya kubebea mizigo yalisaidia. Umaskini uliofuata kupunguzwa kwa mifugo ulikuwa umetikisa maisha ya zamani. Lakini sababu kubwa naiona wazi: mhubiri alikuwa ndugu, akisema na ndugu, bila mtu wa kusimama kando yake. Uamsho huo una upande unaoniuma pia. Baadhi ya wahubiri hao walichoma au waliwataka waumini watupe vifaa vya ibada vya babu zao, kwa ukali uliozidi ule wa wageni, na familia ziligawanyika hata kwenye misiba na kwenye sherehe za binti anapovunja ungo. Mjadala huo bado haujaisha katika koo nyingi.

Kanisa la Episkopali lilikwenda polepole lakini kwa mpango. Mwishoni mwa miaka ya 1970 liliyakusanya maeneo yake ya Kinavajo kutoka dayosisi tatu tofauti yakawa eneo moja, Navajoland. Mwaka 1990 Steven Plummer aliwekwa wakfu kuwa askofu, Mnavajo wa kwanza kupata daraja hilo, karibu miaka mia moja baada ya Eliza Thackara kufika. Mwaka 2024 Mkutano Mkuu wa kanisa hilo uliipa Navajoland hadhi ya dayosisi ya kimisionari. Upande wa Wakatoliki, huko Chinle limesimama kanisa la Mama Yetu wa Fatima lililojengwa kwa umbo la hogani. Ni jengo zuri, na linajibu kwa magogo lile kosa la kudhani kwamba hogani haikuwa mahali pa sala.

Siwezi kuacha madeni ya dhambi. Jimbo Katoliki la Gallup liliomba hifadhi ya kisheria ya waliofilisika mwezi Novemba 2013, kwa sababu ya mashtaka ya waliodhulumiwa kijinsia na mapadre, na miongoni mwa waliodhulumiwa walikuwamo Wanavajo wengi, wakiwa watoto wakati huo. Mwezi Juni 2024 maaskofu Wakatoliki wa Marekani waliomba radhi rasmi kwa majeraha ambayo Kanisa liliwatia watu wa asili, zikiwamo shule za bweni. Sinodi ya Christian Reformed ya mwaka 2016 ilikuwa imekataa kama uzushi lile fundisho la kwamba mataifa ya Kikristo yalikuwa na haki ya kutwaa nchi za wasio Wakristo. Maneno hayo yalihitajika. Wazee niliowasoma na kuwasikiliza hawakuyadharau, lakini swali lao ni la vitendo: nani anamiliki kiwanja cha misheni, nani anayo kumbukumbu ya watoto waliozikwa shuleni, na nani anamlipa mchungaji Mnavajo katika usharika wa familia kumi zilizotawanyika katika eneo la kilomita arobaini.

Kuna swali jingine, nalo linagusa mahali pale pale tulipoanzia kwenye katalogi. Vijana wengi wa Kinavajo leo wanazungumza Kiingereza zaidi kuliko lugha ya bibi zao, na Biblia iliyogharimu maisha ya watu kuitafsiri inasomwa vizuri zaidi na wenye mvi. Rehoboth na St. Michaels bado ni shule za kanisa, na leo zinafundisha Kinavajo kama somo. Walimu wa somo hilo ni Wanavajo, na miongoni mwa wazazi na mabibi wa wanafunzi wao wamo waliopigwa viboko kwa kuisema lugha hiyo katika mabweni ya shule za zamani.